Kikombe cha Maua

Mtu asiniambie nyumba ya mawe ni raha. Ninayo hapa Kitui mjini tangu mwaka wa sabini na sita, maji yamo ndani, choo ni changu peke yangu, na bado roho yangu iko kule kwenye vyumba vya udongo tulivyohama mwenye ploti alipoiuza.

Kule mimi na Khamisa tulikuwa na ua mmoja. Yeye na msikiti wake, mimi na kanisa langu, na hodi haikuwepo. Nikiishiwa makaa nilichota jikoni kwake. Yeye akipita alionja mchuzi wangu na kuniambia hauna chumvi. Tuligombana, tukanuniana, na jioni tukachambua mbaazi kwenye uteo mmoja.

Huku mtaa mpya tulihamia sote wawili, na jiko lake na langu yamepakana, ukuta ni huo huo mmoja. Lakini aliyechora nyumba hizi alizipanga zipeane mgongo. Namsikia Khamisa akitwanga, namsikia akikohoa, na kumwona ni mpaka nizunguke laini nzima ya nyumba hadi kwenye geti lake. Mbuvi, mume wangu, anasema si mbali. Wanaume bwana. Ukishavaa viatu kwenda kuomba chumvi, hiyo ni safari. Basi tukapunguza kuonana, kidogo kidogo, na mimi nikaogopa kwamba nampoteza.

Juzi nikasema liwalo na liwe, leo nakaa naye kama zamani. Geti lilikuwa limefungwa. Nikagonga mpaka mkono ukauma.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Mutie."

"Ala, Mama Mutie. Karibu. Pita sebuleni."

Nikaketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za watoto. Akaleta chai katika kikombe cha maua, na kisahani chini yake. Kwake nilizoea kikombe cha bati, nikijimiminia mwenyewe.

"Mama Rashid, hii kikombe si ni ya wageni?"

Akainamisha macho. "Sasa nikupe kipi, mwenzangu? Umepita mlango wa wageni."

Nilitamani kumwambia twende jikoni. Badala yake nikapuliza chai. Tukaongea habari za mvua, nikaaga.

Akanisindikiza hadi getini, akanishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Khamisa, wa kunishukuru mimi kwa kuja. Nililia njia nzima ya kuzunguka.