Lori Lililovunja Daraja

Néhémie alikuwa na duka la jumla pale Makiso, katikati ya Kisangani, na wateja wake wa mji wa mbali wa Bafwasende walikuwa wameanza kumkimbia. Mzigo ulichelewa mno, walisema. Safari hiyo aliamua kuusindikiza mwenyewe: chumvi, sabuni na mabati, vimejazwa kwenye lori hadi turubai likagoma kufungika.

Mvua zilikuwa zimeiharibu barabara. Walikwama, wakachimba, wakatoka, wakakwama tena. Walipofika kwenye daraja la magogo juu ya kijito kilichofurika, dereva wake Daudi alishuka, akayakanyaga magogo, akarudi akitikisa kichwa.

"Patron, tushushe mizigo kwanza. Watu ya hapa watatusaidia kuvusha kwa mikono. Hii miti iko imeoza."

"Tukishusha, tutalala hapa," Néhémie akasema. "Wengine wote wamepita. Alors, twende."

Daudi akapanda, akawasha injini. Lori lilipofika katikati, magogo yalilia, yakapasuka, na magurudumu ya nyuma yakazama pamoja na nusu ya daraja. Hakuna aliyeumia. Néhémie alisimama ukingoni akiilalamikia chumvi yake iliyokuwa ikiyeyuka majini.

Bado alikuwa akilalamika pikipiki ilipotokea nyuma yao. Iliendeshwa na Patrice, mkulima wa kijiji jirani. Nyuma yake alikaa mkewe Simone, mwenye uchungu wa kuzaa, akishikiliwa na dada yake asianguke. Mkunga wa kijijini alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, wamkimbize hospitali ya Bafwasende.

Patrice alilitazama daraja. "Nani amefanya hivi?"

Daudi aliinamisha kichwa. Néhémie akageuka, akaanza kulifungua turubai.

Walikata miti miwili na kutengeneza machela kwa turubai la lori. Maji yalifika kifuani. Néhémie alivua viatu, akaweka mti mmoja begani na kuingia majini pamoja na wenzake. Juu yao Simone alikuwa akimwita mama yake. Ng'ambo hapakuwa na pikipiki, ikabidi wambebe kwa miguu, wakiteleza kwenye matope, mpaka walipokutana na kijana mwenye pikipiki aliyekubali kumpakia.

Simone alipona. Mtoto, wa kike, hakupona.

"Mungefika mapema kidogo tu," muuguzi alimwambia Patrice.

Néhémie, aliyekuwa amewafuata hadi hospitalini, alisikia. Alimsubiri Patrice nje.

"Lori iko yangu," akasema. "Dereva aliniambia tushushe mizigo. Nilikataa."

Patrice alimgeukia. "Nilijua. Na nimeona vile ulibeba muke yangu. Lakini leo usiniombe kitu, papa."

Mvua zilipopungua, Néhémie alirudi na mbao ngumu na mafundi, wakajenga daraja jipya pamoja na wanakijiji. Kazi ilikuwa inakaribia kwisha Simone alipotokea, kapu la majani ya muhogo mgongoni. Néhémie alisimama, nyundo mkononi. Tangu Kisangani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa," Simone akaitika, bila kusimama.

Néhémie akasogea kando, akamwachia njia.