Wageni Walikunywa Chai

Majira ya baridi huku kwetu milimani mtu mwenye akili zake hukaa ndani. Lakini kule bondeni kuna nyumba ya wageni ambako watu wa ng'ambo hulipa ili waje kutetemeka. Wanakaa wiki nzima, wamezima simu, wanasema wanapumzisha roho. Asubuhi wanatembea kwenye theluji na fimbo zao mbili mbili, mchana wanaletwa vijijini kunywa chai na kututazama. Anayewaongoza ni Basu, mpwa wa mume wangu Haddu. Ijumaa ile ilikuwa zamu ya nyumba yetu.

Na Ijumaa ile Tuda, mke wa mwanangu Lahsen, alikuwa siku ya pili ya uchungu wa mimba yake ya kwanza.

Lahsen mwenyewe yuko Agadir, anajenga nyumba za watu. Mkewe aliniachia mimi. Bibi Fadma, mkunga wetu, alimpapasa tumbo asubuhi, akaja jikoni kunawa mikono, na sura yake sikuipenda.

"Ijja, mtoto amekingama tumboni. Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali, tena leo, maana theluji inakuja."

"Tumpeleke na nini?"

"Si wageni wanakuja? Basu haji bila gari."

Ni kweli. Gari huachwa darajani, mwendo wa nusu saa chini yetu, na bonde zima halina gari jingine. Nikamwendea Haddu, alikuwa anatandika mazulia.

"Wakifika tu, tuombe gari."

"Wakifika tu? Mgeni hajakaa, hajala, umtwike mzigo wako? Watasema nyumba ya Haddu inangoja wageni mlangoni kama ombaomba. Wanywe kwanza. Glasi tatu, kama siku zote. Wakitoka nitamvuta Basu pembeni."

Sikubisha. Wala nisijifanye kwamba nilitaka kubisha. Kwetu mgeni akiwa ndani, shida ya nyumba hufungiwa chumba cha ndani. Nilimwona mama yangu akiwagawia wageni asali na kutabasamu, na dada yangu tumemzika jana yake. Kijiji kizima kilimsifu, na mimi nikakua nikitaka kuwa kama yeye.

Walifika sita, mashavu mekundu, viatu vimejaa theluji. Nikaweka mkate wa shayiri, siagi, asali, kokwa za jozi. Haddu akamimina chai, buli akilinyanyua juu ili povu lipande. Nilipopata nafasi nikaingia ndani. Tuda alikuwa anang'ata kitambaa. Hakuna aliyemwambia ang'ate, alijua mwenyewe kuna wageni.

"Mama, wanaondoka saa ngapi?"

"Sasa hivi mwanangu. Wako glasi ya pili."

Glasi ya pili ikawa ndefu. Kijana mmoja mwenye ndevu akataka naye afundishwe kumimina. Akamwaga nusu kwenye sinia, wenzake wakamcheka.

"Mjomba, huyu anasema akirudi kwao anafungua mkahawa," akasema Basu.

"Mwambie aanze na maji matupu," akajibu Haddu. Walicheka tena. Nilimwona mume wangu jasho linamtoka, na nje barafu imening'inia kwenye paa.

Glasi ya tatu ilikuwa mikononi mwao Tuda alipopiga ukelele. Mmoja tu, mrefu. Karibu na mlango wa ndani alikuwa amekaa mama mmoja mwenye mvi, wenziwe wakimwita Klara. Akaweka glasi chini, akamwambia Basu neno.

"Mama Lahsen, anauliza kuna mtu anaumwa?"

"Ni mbuzi," nikasema. "Yuko zizini huko chini, anazaa."

Mdomo ulisema kabla yangu. Na nikacheka kidogo, eti.

Basu akatafsiri. Yule mama uso ukamchangamka, akasema maneno mengi, wenzake wakacheka.

"Anasema angependa kumwona. Kwao yeye ni mkunga, anazalisha wanawake hospitalini mwaka wa thelathini huu. Mbuzi ndiyo hajawahi."

Nikamtazama Haddu. Haddu akatazama sinia. Kutoka pale hadi kwa Tuda ni hatua tatu. Nilichotakiwa ni kusema tu: nimedanganya mama, njoo. Lakini nilishasema mbuzi mbele ya watu sita, na sikutaka kuumbuka mbele ya mgeni. Nasema kama ilivyokuwa. Dakika ile sikumfikiria Tuda. Nilifikiria uso wangu.

"Mwambie huyu mbuzi mkali," nikasema. "Hataki watu."

Wakaaga. Klara alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipanda juu ya paa nikamwona Haddu akimvuta Basu pembeni njiani, kama alivyopanga. Akarudi peke yake.

"Gari limejaa. Anawashusha halafu anarudi mbio."

"Na yule mama hukumtaja?"

"Ningemtajaje, Ijja? Wewe umeshasema mbuzi."

Theluji ilianza hawajafika hata darajani. Alasiri ikaingia, gari hatulioni. Wanaume wakafunga mablanketi kwenye ngazi ya mbao iwe machela, wakamlaza Tuda, tukashuka naye. Nilitembea ubavuni kwake. Sasa kitambaa alikitupa, akalia atakavyo, maana wageni hawakuwepo tena. Kwenye kona ya pili akaacha kulia. Fadma akasimamisha watu.

Hapo hapo tukawaona wawili wanapanda kwa miguu, theluji magotini. Basu na yule mama. Basu alimwambia ukweli ndani ya gari, gari likakwama, mama akashuka na mkoba wake akaanza kutembea. Alipiga magoti kando ya ngazi. Akaweka vidole shingoni mwa Tuda, halafu mkono tumboni, akauacha pale muda mrefu. Kisha akamfunika blanketi vizuri, mpaka juu. Heri angenitukana.

Lahsen alifika Jumapili, kutoka barabara ya lami alikuja kwa miguu. Jumanne wageni wa bondeni walipanda kutupa pole, Klara akiwa mbele. Chai niliipika mimi. Mwanangu alikaa chini mbele ya yule mama, macho yamemvimba.

"Basu, muulize. Yeye ndiye mjuzi. Aseme kweli, mke wangu angeweza kupona?"

Basu akauliza. Klara akaniangalia mimi, si yeye. Nikangoja aseme. Wallahi nilitaka aseme. Akajibu polepole.

"Anasema," akatafsiri Basu, "hakukuwa na la kufanya. Anasema mama yako alifanya yote anayoweza kufanya mtu."

Lahsen akageuka, akanishika mkono akaubusu, akaulilia. Nikamwachia aubusu.