Besi Isiyopumzika

Gari lilikuwa limeshaipita mashine ya kusaga unga na kukata kona kuelekea barabara kubwa, Mulongo ndani yake katikati ya wanaume wawili, wakati kwaya ilipofika ukurasa wa mwisho wa wimbo wa Handel. Hakuna aliyeacha kuimba. Mwalimu Mbaluka alikuwa ameupa mlango mgongo, mikono juu, macho ameyafumba kama ilivyokuwa kawaida yake akifika penye utamu, na katika kwaya ile mtu hakati wimbo mpaka mkono wa mwalimu ushuke. Hata wale wanaume wawili walionekana kulijua hilo. Walikuwa wamemshika Mulongo viwiko wakamtoa taratibu nyuma ya mabenchi, jinsi wazee wa kanisa wanavyomtoa mlevi.

Mkono uliposhuka, sauti zote zilinyamaza pamoja, safi kabisa, na besi ya Mulongo ikanyamaza pamoja nazo. Sauti yake hiyo nzito ilikuwa imebaki pale pale alipokuwa amesimama, usawa wa kichwa cha mtu mrefu.

"Besi imeburuta kidogo mwishoni," Mbaluka alisema, kisha akafumbua macho. "Mulongo yuko wapi?"

"Amechukuliwa," Nahashon alijibu. Naye alikuwa wa besi, karani wa ghala moja la mjini.

"Na aliyemaliza wimbo?"

"Ni yeye. Mwili ndio umeenda."

Mbaluka aliitazama nafasi ile, akafuta ubao, akawaambia waende nyumbani wawili wawili, wasipite njia moja.

Hiyo ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa tisini na tatu, katika ukumbi wa mabati wa mtaa uitwao Tena. Mulongo alikuwa mtu wa kiwanda cha magodoro. Wiki hiyo, katika mkutano wa wakazi, alisimama akauliza kiwanja cha watoto kimeuzwa na nani, maana kilikuwa kimezungushiwa mabati usiku mmoja na hakuna aliyeonyeshwa karatasi. Aliuliza kwa sauti yake ile ile ya kwaya. Nusu ya wanakwaya walikuwa wameketi nyuma yake, na nusu hiyo ilipiga makofi.

Mkewe, Nafula, aliyeimba alto, alizunguka vituo vya polisi, kisha hospitali, kisha mahali ambapo watu huingia wakiwa wamejifunika pua kwa leso. Kila mahali aliambiwa hayupo. Jumamosi iliyofuata alivaa sare yake ya buluu akaenda mazoezini, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee alipokuwa na hakika kwamba mumewe angepatikana.

Alipatikana. Mbaluka aliwapa sauti za kuanzia, na besi ya Mulongo ikaingia kwa wakati wake, ila ilikuwa imepata mluzi kwenye kila "s".

"Amepoteza jino," Nafula alisema.

"La mbele," Wavinya wa soprano alikubali. Wavinya aliuza nguo kuukuu barabarani na alikuwa na sikio kali. "Na ana baridi. Sikia anavyotetemeka kwenye noti ndefu."

Ndipo walipofika kwenye mapumziko. Kila wimbo mkubwa una mahali ambapo besi hunyamaza na wengine huendelea, na Mbaluka alikuwa amewafundisha watu wake wa besi kuhesabu vipimo vya ukimya huo kwa midomo, mapigo manne kila kipimo, wasije wakaingia mapema wakaharibu kazi. Basi besi ilinyamaza, na kutoka mahali pa Mulongo kukasikika bomba linalodondosha maji. Mlango wa chuma. Kisha mtu mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekunywa chai na kushiba, akauliza, "Nani wengine walikuwa kwenye mkutano?" Kofi likalia.

"Hilo halimo kwenye noti," Mbaluka alisema, na akaendelea kupiga mapigo, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya na mikono yake.

Ikajulikana hivyo. Huko aliko, Mulongo alikuwa anaimba kila walipoimba wao, na alinyamaza waliponyamaza. Jumamosi moja hawakuimba, wakidhani watampumzisha. Iliyofuata sauti yake ilikuja imefifia kama ya mtu ambaye hajasemeshwa kwa siku nyingi, na Nafula akawaomba wasirudie kitu hicho. Lakini kuimba nako kulimla. Baada ya nyimbo tano au sita alianza kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa na maji ndani.

Kabati la kwaya lilikuwa na nyimbo nyingi za wale wazee wa Ulaya, zilizonakiliwa kwa mkono. Watunzi walikuwa sita.

"Tusimchoshe. Kila mtunzi atabaki na wimbo mmoja," Mbaluka aliamua. Kazi yake ya mchana ilikuwa kuchonga vinyago, na alisema habari hii kama mtu anayetafuta sanamu ndani ya gogo. "Hatumfukuzi mzee yeyote nyumbani. Lakini uwe ule ambao hata nyingine zote zikiungua, mtu akiusikia huo mmoja, atasema, huyu namjua."

Aliandika majina ubaoni. Kwa Bach alitaka ule mdogo waliouita wa mama, ambamo besi inatembea polepole, inasimama, inatembea tena.

"Mimi nasema ule wa ngazi," Nahashon alisema.

"Ule wa ngazi ni wa kujionyesha, Nahashon. Ulisema mwenyewe mwaka jana, hapa hapa."

"Mwaka jana nilikuwa mjinga. Besi yake haipumziki."

Kila mtu alielewa. Wimbo ambao besi yake haipumziki haumpi mtu nafasi ya kujibu swali.

"Mnataka asipumue," Nafula alisema.

"Dada Nafula, mimi nina watoto nyumbani."

"Yeye pia."

"Ndiyo. Lakini wake tayari wamempoteza." Nahashon aliyasema bila ubaya wowote, jinsi mtu anavyosema mvua inakuja. "Akitaja jina moja tu, Jumamosi ijayo mtakuwa na besi mbili hewani."

"Wacha basi tuwe na moja nzuri," Wavinya alisema, na wachache wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu. Wavinya naye alikuwa amepiga makofi mkutanoni. Alikuwa na tabia ya kutania anapoogopa.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Bach akapewa ule wa ngazi. Mozart akapewa wa mbio, ingawa Mbaluka alisema waziwazi kwamba ule si Mozart, ni Mozart anayewahi choo. Handel, Beethoven, Schubert, vivyo hivyo: popote palipokuwa na wimbo ambamo besi inafanya kazi mwanzo mpaka mwisho, huo ndio ulikuwa wa lazima. Mbaluka alikuwa akiandika tu. Mara mbili alivunja chaki.

Alibaki Haydn. Nafula alisimama. "Huyu nipeni mimi," alisema. "Nimewapikia chai miaka yote hii. Nipeni huyu mmoja."

Alichagua ule wa asubuhi, ambamo besi inanyamaza vipimo vinane. Hawakuweza kumnyima mbele ya macho yake, lakini Nahashon aliomba kwanza waujaribu.

Waliuimba. Besi ilifika mahali pake ikanyamaza, na wote, hata waliokuwa wanaimba, waliimba kwa pumzi ya juu juu wakitega sikio. Bomba likadondosha. Yule mpole akasema, "Taja wengine."

Mulongo akavuta pumzi ndefu, ya kwanza kamili tangu aondoke. Nahashon alishika benchi. Wavinya alifumba macho.

"Moja, mbili, tatu, nne," Mulongo alisema. "Mbili, mbili, tatu, nne. Tatu, mbili, tatu, nne."

Kofi likalia. "Wengine."

"Nne, mbili, tatu, nne."

Alihesabu mpaka cha nane, hakuruka hata pigo, kisha akaingia kwenye noti yake kama aliyeshikwa mkono. Mbaluka aliongoza wimbo mpaka mwisho huku machozi yakimwingia kinywani. Nafula hakulia. Alijua sasa alichotaka kujua: mumewe alikuwa amewabeba wote, na hangewaangusha.

"Mmesikia," alisema.

"Tumesikia," Nahashon alijibu. Alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye tai. "Ni mwanamume. Lakini siku moja atachoka, dada. Siku moja atakosea kuhesabu."

Wakapiga kura tena. Haydn akapewa ule wa shangwe, ambamo besi haipumziki. Kwa ule wa asubuhi mkono wa Nafula ulikuwa juu peke yake, halafu ukafuatwa na wa Mbaluka, na haikutosha.

Mwezi ule ule alikuja bwana mmoja mwenye suti ya kaunda, ametumwa na serikali kwa sababu ya malalamiko ya Nafula. Aliketi benchi la nyuma, akasikiliza nyimbo zote sita, akitikisa mguu. Mwishoni alimwita Nafula kando.

"Mama, huyu si yupo? Mtu aliyepotea haimbi kila Jumamosi." Akaondoka, na faili likafungwa.

Mluzi wa "s" uliisha baada ya mwaka, maana meno mengine nayo yaling'oka. Sauti ikabaki nyembamba lakini iko sawa, na vijana wapya wa besi hujifunza kwayo. Kwaya ilishinda kikombe kwa ule wa ngazi. Nahashon alijenga nyumba huko Njiru, ana mbwa wawili. Wavinya alihamia mtaa wa Pipeline, akaacha kuimba, hasemi kwa nini. Mbaluka alikufa kwa kifua. Kile kiwanja cha watoto sasa kina jengo la ghorofa sita, na chini kuna duka la magodoro. Nafula bado anaimba alto. Kina mama wa kanisa walipojigawa, wake upande huu na wajane upande ule, hawakujua wamweke wapi, kwa hiyo wakampa kazi ya kusimama mlangoni.