Barua Sitini na Moja

Jumatatu saa mbili asubuhi Dada Maoni alifungua kompyuta yake, akapangusa vumbi la kioo kwa mkono wa sweta, akakuta barua kumi na nne. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho. Ofisini wote walimwita Dada Maoni, maana kazi yake ilikuwa kusoma wanayoandika watumiaji, kuwajibu, na kila Jumatano kumpelekea Mkubwa habari zao: wangapi wamesifu, wangapi wamelalamika.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Ilikuwa na vyumba viwili na korido yenye benchi. Hapo ilitengenezwa programu moja tu, jina lake Kunja. Mtu simu yake ikijaa picha, au kompyuta ikilemewa na mafaili, anabonyeza Kunja, na mzigo wa gunia unakuwa mzigo wa bahasha. Siku akiutaka anabonyeza Kunjua, unarudi kama ulivyokuwa. Miaka sita ilifanya kazi hiyo, na mara moja tu ilileta maneno.

Toleo la saba lilikuwa limetoka Ijumaa. Aliyeliandika ni Fundi, mtu mwembamba, mpole, anayekula akiwa amesimama. Kunja ya zamani ilikuwa ikikuta vitu kumi vinavyofanana inaweka kimoja, kisha inaandika pembeni kwamba vilikuwa kumi. Fundi aliona yale maandishi ya pembeni ndiyo yanayokula nafasi. Akayafuta. Kunja mpya iliweka kimoja, basi. Ilikuwa na haraka ya ajabu, na ilikunja padogo kuliko programu yoyote sokoni.

Barua ya kwanza ilitoka kwa seremala. Alipiga picha viti sita vya mteja, akazikunja zile picha, na kulipokucha akakuta karakanani kiti kimoja. "Ni kiti kizuri," aliandika, "ila nyumbani kwa mteja kuna watu sita." Fundi cherehani alikunja picha za mashati arobaini ya shule, akabaki na shati. Mwalimu wa kwaya alikunja wimbo aliourekodi. Tangu hapo waimbaji wake ishirini wakifungua vinywa hutoka sauti moja, nyembamba, na haijulikani ni ya nani. Aliandika kwa adabu sana. Aliuliza kama hiyo sauti ingeweza angalau kuwa ya yule binti wa mstari wa mbele.

Dada Maoni aliwajibu wote jibu moja, lile alilopewa na Mkubwa siku ya kwanza ya kazi: Asante kwa kutuandikia. Maoni yako tumeyapokea.

Jumatano asubuhi zilifika sitini na moja.

Sasa ukutani mwa Mkubwa kulikuwa na karatasi, imebandikwa tangu balaa la toleo la tatu. Ilisema malalamiko yakifika hamsini, toleo linaondolewa na kazi inaanza upya. Wakati ule wa toleo la tatu walifanya kazi Jumapili zote za miezi minne, na likizo zikafutwa. Dada Maoni alikuwa ameomba likizo ya siku kumi na nne akamwone mama yake, ambaye hakuwa amemwona mwaka wa tatu huu. Fomu ilikuwa mezani kwa Mkubwa, inangoja sahihi.

Barua ya hamsini na nane aliisoma mara mbili.

"Nina kuku mmoja," ilisema. "Walikuwa kumi na wawili, weupe wote. Niliwapiga picha nimwonyeshe mwanangu, simu ikajaa, nikakunja kwa kile kidude alichoniwekea mwenyewe. Aliyebaki anashinda anazunguka nyumba anatafuta wenzake. Mwanangu anafanya kazi hapohapo kwenu. Simpigii maana hapokei, ndiyo nikaona niandike kama wateja wengine. Mwambieni mimi mzima, na baba yake mzima."

Dada Maoni aliangalia saa. Kikao kilikuwa baada ya dakika kumi. Akasema moyoni, nikitoka tu nampigia Mama.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna faili linalotoka meza hii kwenda meza ile bila kukunjwa kwa Kunja, na toleo lenyewe liwe jipya. Mkubwa hakutaka kusikia kwamba waoka mikate wanakula mikate ya jirani. Kwa hiyo kila Jumatano Dada Maoni alizikunja barua za wiki, akamtumia. Jumatano hii pia alizikusanya. Toleo la sita lilikuwa bado lipo kwenye kompyuta yake, kwenye kona ya chini. Alilitazama. Aliyajua ya viti, aliyajua ya mashati, ya kuku aliyajua. Aliitazama na saa. Kisha akabonyeza toleo la saba. Likamuuliza kama lifute za asili, akabonyeza Ndiyo, kama kila Jumatano.

Mkubwa alikunjua mbele ya watu wote. Ikatoka barua moja.

"Moja tu?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Dada Maoni. Alikusudia kuongeza neno, lakini Mkubwa alishaanza kucheka.

"Mmoja hakosekani! Hata harusini, watu mia tatu wanakula, yupo mmoja anauliza nani kamwaga chumvi."

Fundi aliangalia viatu vyake. Mkubwa akavuta ile fomu ya likizo, akaitia sahihi palepale kwa furaha. Dada Maoni alirudi mezani akapiga simu kwa mama yake. Iliita mpaka ikakata.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na mwanamke kwenye benchi la korido. Umri wake ulikuwa wa katikati. Miguuni alivaa kiatu cha kike na kiatu cha kiume, sikioni alichomeka penseli ya seremala, shingoni alining'iniza futi ya kupimia nguo, vidole vyake vilikuwa na chaki, na begani palinasa unyoya mweupe. Mapajani alipakata kikapu kilichojaa funguo.

Mama wa chai alimpelekea kikombe. "Mama, funguo zote hizo, unalinda ghala?"

"Ni za nyumbani," alisema yule mwanamke. "Nyumba sitini na moja. Kote nimechelewa, na kote wananuna."

"Pole, Mama Jumla," alisema mama wa chai, na jina likabaki hapo hapo.

Dada Maoni alikuwa amesimama mlangoni. Alipiga tena simu nyumbani. Safari hii alipokea baba yake.

"Mama yako katoka jana saa nne, na kikapu," alisema. "Kaacha mboga nusu hajazikata. Nikadhani kaenda kukutafuta wewe."

"Yuko hapa, Baba."

"Basi vizuri. Mwambie kuku kalala nje."

Alikata simu, akaenda kukaa kwenye benchi. Mama Jumla alimgeukia, akamshika kidevu kama mtu anayekagua embe.

"Umekonda," alisema. "Umekula?" Kisha, bila kubadili sauti, "Na viti vyangu mnarudisha lini? Mteja anakuja Jumamosi."

Sauti yake ilikuwa moja, ila imelika kama kizingiti kinachopitwa na watu wengi.

Fundi aliombwa ajaribu. Alikunjua ile barua mara tatu, mara zote ikatoka moja. Akavua miwani. "Haikuandika pembeni walikuwa wangapi," alisema. "Mimi ndiye nilifuta pembeni."

"Na mimi ndiye nilibonyeza," alisema Dada Maoni.

"Ungebonyeza la sita."

"Lilikuwa pale pale. Niliona."

Fundi alirudi kula mkate wake, amesimama.

Dada Maoni aliingia kwa Mkubwa, akafunga mlango, akasema yote: kwamba barua zilikuwa sitini na moja, kwamba alizikunja akijua, kwamba wenye barua ndio wale wameketi pale nje. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu wa kukatiza. Akafungua mlango nusu, akatoa kichwa, akarudi.

"Namwona mmoja."

"Ndio wao wote, Mkubwa."

"Sikatai. Lakini sheria yangu inasema hamsini. Wewe unaona hamsini pale?"

"Hapana."

"Haya. Benchi lile gumu, mpe kiti cha mto. Na likizo yako nenda, umechoka, unaonekana."

Mama Jumla hakuwa mgumu. Alichotaka ni kufika kwao. Kwa kuwa hakuweza kufika kote siku moja, aliomba apangiwe zamu, nyumba moja kwa siku. Dada Maoni alichukua karatasi akaziandika kwa mpangilio wa barua zilivyoingia: seremala wa kwanza, fundi cherehani wa pili, mwalimu wa kwaya wa tatu. Alipofika hapo kalamu ilisimama. Mkono ulitaka kuandika jina la mama yake juu kabisa.

"Usiruke foleni, mwanangu," alisema Mama Jumla, akipuliza chai. "Wapo humu watakaojua."

Mama yake aliandikwa wa hamsini na nane. Dada Maoni aliziandika zamu zile kwenye karatasi sitini na moja kwa mkono wake, akazituma kwa jamaa wa kila nyumba. Hakuna aliyepiga simu kugombana. Mke wa seremala aliandika kwamba siku yao ilipita salama, mume wake alirandia mbao kidogo, akaacha, akasahihisha madaftari ya shule asiyoijua, akalala. Aliuliza tu kama watoto wasiseme shuleni.

Likizo ilianza Jumatatu. Dada Maoni alisafiri, akafika nyumbani saa kumi za alasiri, akaketi na baba yake jikoni kwenye viti vinavyotazamana na kiti cha tatu. Alizikata zile mboga zilizobaki, zilikuwa zimenyauka. Asubuhi alimwaga mahindi uani, kuku akala punje tano, akarudi kuzunguka nyumba. Alizunguka kwa mkono wa kulia mpaka adhuhuri, kisha kwa mkono wa kushoto.

"Leo yuko kwa nani?" baba aliuliza kila jioni.

"Kwa dereva wa lori."

"Huyo nyumba yake mbali?"

"Mbali, Baba."

"Mama yako hapendi magari," alisema baba, akavuta blanketi.

Hakumuuliza ilikuwaje. Mara mbili Dada Maoni alianza kumwambia mwenyewe, na mara zote mbili baba alisema, "Kula kwanza." Siku ya kumi na nne alifunga begi. Zamu ilikuwa imefika nyumba ya kumi na nane.

Siku ya hamsini na nane aliomba ruhusa ya siku moja, akafika kabla ya Mama Jumla. Baba alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lenye kola. Saa kumi na moja funguo zililia nje. Mama Jumla alitia mkono kikapuni, akatoa ufunguo wa nyumba ile bila kutafuta, akafungua. Kuku aliacha kuzunguka, akaingia nyuma yake.

"Nani kahamisha sufuria yangu?" alisema.

Alipika, na chumvi ilikuwa ile ile ya siku zote. Alimsema baba kwa soksi. Alimsuka binti yake nywele, akimbana kichwa kwa magoti kama zamani, na mara moja tu alichukua futi akampima mabega, akaandika kipimo ukutani kwa penseli. Baba alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mboga ziachwe nusu.

Walipomaliza kula, Mama Jumla alikunja mikono mapajani, juu ya kikapu.

"Zile barua zetu," alisema. "Zilisomwa?"

"Zilisomwa, Mama."

"Nani alizisoma?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote. Yako mara mbili."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama wanavyoitikia watu wengi.

"Nashukuru," alisema. "Wenzangu humu walikuwa wanajipa moyo kwamba labda hukuzisoma."

Asubuhi aliondoka na mapema, maana nyumba ya hamsini na tisa ilikuwa ya mwoka mikate. Baba alitoa kalenda ukutani, akahesabu siku sitini na moja kwa ncha ya kijiko, akachora duara. Kisha akauliza kama hiyo programu inaendelea vizuri.

Ilikuwa inaendelea vizuri. Toleo la nane lilitoka mwanzo wa mwezi, na kwenye tangazo lake Mkubwa aliandika kwamba toleo la saba lilipendwa na maelfu, likalalamikiwa na mtu mmoja. Maandishi ya pembeni hayakurudishwa. Kiti cha mto kipo koridoni hadi leo, na siku ambazo zamu iko karibu na mjini Mama Jumla hupita asubuhi, anakunywa chai, anaandika maoni yake kwa penseli, anaingiza karatasi chini ya mlango.

Dada Maoni huiokota, huisoma yote, huipiga chapa. Halafu anajibu: Asante kwa kutuandikia. Maoni yako tumeyapokea. Jumatano, kwenye mstari wa waliolalamika, anaandika: mmoja.