Mhuri wa Jumapili

Miaka kumi na minne Consolata, mkaguzi wa nyama, hakukosa alfajiri machinjioni, isipokuwa Jumapili. Jumapili ilikuwa misa ya kwanza, na bila yeye, aliamini, sauti ya pili ya kwaya ingeyumba. Basi Jumamosi jioni alimwachia mhuri Marseli, mchinjaji. Alijiambia, Mungu kwanza.

Marseli alijua kuchinja. Ini lenye ugonjwa hakujua kulisoma. Jumapili moja akaletewa ng'ombe aliyekwisha kufa. Wenyewe wakasema amevunjika mguu njiani, akaamini, akagonga mhuri. Nyama ikaenda Nakwa kwenye sherehe ya kipaimara. Watu kumi na tisa walilazwa. Walipona wote, Mungu ashukuriwe.

Barua ikamjia Consolata kutoka baraza linalotoa leseni za wakaguzi: ajieleze kwa maandishi.

"Mama Careen, andika mhuri niliuiba," Marseli alimwambia Consolata. "Mimi leseni ya kunyang'anywa sina. Watachukua nini, kisu?"

"Acha utani, Marseli."

"Sitanii, mama. Andika."

Akaandika. Wiki hiyohiyo Marseli akafukuzwa, na watu wa Maisaka wakambandika jina: Bwana Mhuri. Consolata alimwona akilima kibarua huko Sigino, akavuka barabara asikutane naye. Kwaya nayo akaiacha. Angeimba nini?

Siku ya shauri, mwenyekiti, mama mwenye miwani, alimwuliza kwa upole, "Mhuri uliibwa ukiwa wapi?"

Jibu alikuwa nalo: kabatini.

"Haukuibwa. Nilimpa mimi. Kila Jumapili."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, ungeandika hivi mwanzoni, tungekusimamisha miezi sita. Lakini umelidanganya baraza kwa maandishi. Kanuni inasema leseni inafutwa."

"Na Marseli?"

"Tutawaandikia waliomfukuza. Kurudishwa, siwezi kuahidi."

Consolata alimfuata Marseli hukohuko shambani Sigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamweleza yote, amesimama kwenye matuta na viatu vya ofisini.

Marseli akaegemea jembe, akacheka. "Ee mama! Mimi angalau kisu bado ninacho."

Consolata alitaka kucheka. Hakuweza, na Marseli naye akaacha kucheka.

Jumapili kengele ya misa ya kwanza ililia. Safari hii hakuwa na mhuri wa kumwachia mtu. Akaenda, akakaa benchi la mwisho, akasikiliza. Sauti ya pili haikuyumba hata kidogo. Msichana mmoja wa kwaya, binti wa Herieli, alikuwa ameshaishika.