Kigelegele Kilichofutwa

Generosa alivaa gauni lake la njano, lile la mabega mapana alilolitunza tangu enzi za ujana, na binti yake Nancy alipomwona akitoka chumbani alifumba macho.

"Mum, tunaenda Southall, hatuendi harusini." Alisema hayo kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikielewa chote, ila kukizungumza alimwachia mama.

"Wewe hujui tunakoenda," Generosa alimjibu. "Chukua koti, treni haitusubiri."

Na kweli hakujua. Nancy alikua akisimuliwa hadithi moja mpaka ikamchosha: kwamba zamani, kabla ya Landani, kabla ya sare za kazi na kuwaogesha wazee wa watu hapo Peckham, mama yake aliimba kwenye albamu ya Shoti. Shoti ilikuwa bendi ya Nairobi, vijana wa miaka ya themanini waliopiga pop na roki kwa Kiswahili, na ngoma za umeme, na magitaa yanayolia, na nywele za kalikiti zinazodondosha mafuta mpaka kwenye kola. Albamu iliitwa Kesho Tunahama. Wimbo wa mwisho ulibeba jina hilohilo, na vyombo vikishanyamaza, mwanamke mmoja alisikika akipiga kigelegele kirefu, peke yake. Mwanamke huyo ni Generosa.

Ushahidi sasa ndio haukuwapo. Kwenye jalada waliandikwa wanaume wanne, na chini yao maneno "pamoja na waitikiaji". Kanda ya Generosa ilitafunwa na redio kabla Nancy hajazaliwa. Nakala iliyokuwapo mtandaoni ilikuwa mbovu, inakatika kabla ya mwisho. Kwa hiyo siku Darshan, aliyekuwa mpiga kinanda wa Shoti, alipopiga simu kusema kwamba albamu imesafishwa upya, watu wanakutana Jumamosi kuisikiliza, na Jumatatu inakwenda kiwandani kufyatuliwa santuri, Generosa alicheka peke yake jikoni mpaka wali ukaungua. Sasa mtoto angesikia. Dunia nzima ingesikia.

Kigelegele chenyewe hakikupangwa. Alikuwa msichana wa Bukoba aliyekuja kukaa kwa shangazi yake Nairobi, akaitwa studio kuitikia kiitikio. Wimbo ule ulikuwa wa watu wanaofunga virago na kuaga nyumbani, na kwao bibi harusi haachwi atoke mlangoni kimyakimya. Magitaa yalipoisha akasahau yuko wapi, akakipiga. Wanaume wakamtolea macho. Kibaya zaidi hakuna aliyekipokea, na kigelegele ni cha kupokewa: mmoja akianza, wenzake wanadakia, la sivyo anabaki amesimama kama mtu aliyesalimia asiitikiwe. Lakini waitikiaji wenzake walikuwa wavulana wawili wasiojua waangalie wapi. Muda wa studio ulikuwa umekwisha, hapakuwa na kurudia, kikabaki. Darshan alinuna. "Tunataka kusikika kama watu wa London," alimwambia, "wewe unatuletea harusi!"

Albamu ilipotoka, watangazaji wa redio waliuacha wimbo ule uende mpaka mwisho, eti kusubiri yule mama. Hakuna aliyeuliza yule mama ni nani.

Darshan alikuwa na duka la vitambaa Southall, magharibi mwa Landani, na chumba cha juu kilijaa watu wenye mvi waliozaliwa Nairobi, Tanga na Kampala. Sushila, mkewe, alikuwa akipitisha bhajia na chatne ya ukwaju. Mtoto wao Sandeep, fundi wa sauti aliyeisafisha albamu, aliketi mbele na kompyuta yake kati ya spika mbili ndefu.

"Dada Generosa!" Darshan alimkumbatia. "Bado na hiyo gauni?"

"Na wewe bado unadaiwa nywele," alimjibu, akikitazama kipara chake, na watu wakacheka.

Muziki ukaanza, na tuseme ukweli, kijana alikuwa amefanya kazi. Besi iliyokuwa imejificha miaka yote ilitoka ikatembea chumbani. Kinanda kiling'aa. Generosa alijisikia mwenyewe kwenye viitikio, sauti changa isiyojua baridi ya Januari, akamfinya Nancy mkono. Nancy alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kutikisa mguu. Kwenye wimbo wa mwisho Generosa alisogea ukingoni mwa kiti. Gitaa likalia, likafifia, likaisha.

Kimya. Kisha makofi.

Generosa hakupiga makofi. Alingoja, akidhani labda kimechelewa. "Kiko wapi?" aliuliza.

"Nini, Auntie?" Sandeep aligeuka.

"Kigelegele."

"Ile kelele ya mwisho? Nilidhani ni kasoro ya mkanda. Ilikuwa inapanda mpaka taa za kipimo cha sauti zinawaka nyekundu zote, ingepasua spika za watu. Nikaiondoa." Alisema kwa adabu, tena kwa fahari kidogo, kama mtu aliyekutoa uzi begani.

Generosa alimgeukia Darshan. "Na wewe ulijua?"

Darshan aliangalia viatu vyake. "Dada, wacha tu. Sasa imetoka safi. Hiyo kitu Jumatatu inaenda kiwandani, nani atashika mambo ya zamani?"

"Mum, please," Nancy alimnong'oneza. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nimewavalia haohao."

Alikuwa na hasira, na hakuona haya kuwa nayo. Alikuwa amemeza mengi. Alimeza "pamoja na waitikiaji". Hapa Landani alimeza mabosi waliomwita Jenny kwa sababu Generosa eti ni refu. Alimeza hata macho ya mwanawe yaliyokuwa yakimwambia, mama, hadithi yako ni nzuri, ila ni hadithi tu. Hiki kimoja kilikataa kupita kooni.

"Rudisha mwisho wa wimbo," alimwambia Sandeep.

"Auntie..."

"Rudisha, mwanangu. Sitakuuma."

Gitaa likalia tena. Generosa akasimama, akavuta gauni likakaa vizuri. Aliogopa, maana kifua hiki si cha msichana tena, na hakuwa amepiga kigelegele tangu aje nchi hii, majirani wasije wakaita polisi. Gitaa likafifia. Akaweka kiganja juu ya mdomo, akakiachia.

Kilitoka. Kilitoka kirefu, kikali, kikapita juu ya vichwa, na mzee mmoja aliyekuwa mstari wa nyuma akapiga kelele, "Ni yeye! Yule mama!"

Kikaisha. Na kimya cha studio kikarudi, kilekile, na Generosa akabaki amesimama katikati ya watu, mkono hewani, kama siku ile.

Hapo Sushila akaiweka sinia ya bhajia juu ya mapaja ya mumewe, akainua kichwa, akadakia. Chake kilikuwa chembamba na cha kasi. Watu wakageuka.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Mimi mzaliwa wa Ngara ya Nairobi. Nimepeleka mabibi harusi wangapi?"

Kabla hawajamaliza kucheka kikasikika cha tatu, kibovu, kimekwaruza, kimekatika katikati kikaanza upya. Kilikuwa cha Nancy, uso umemwiva kwa aibu, lakini hakuacha. Wanawake wote waliokuwamo wakampokea ili asiaibike peke yake, na dirisha la Southall likatetemeka.

Sandeep alingoja watulie. "Auntie, tunaweza kukirekodi upya. Maikrofoni nzuri, kitoke safi."

"Sirekodi tena. Cha siku ile unacho. Kirudishe kilivyokuwa."

"Lakini spika, Papa..."

Darshan, sinia ingali mapajani, alimtazama mkewe, akamtazama Generosa. Midomo ilimcheza. "Wacha zipasuke," alisema.

Generosa akaketi. Nancy ndiye aliyebaki amesimama. Alisogea mpaka kwenye meza ya Sandeep, akaichukua karatasi ya jalada jipya, akaisoma juu mpaka chini. Kisha akaongea, na Kiswahili chake kilitoka taratibu, kila neno likiwekwa mahali pake.

"Na jina la mama yangu," aliuliza, "mnaliandika wapi?"