Jiwe la Mfukoni mwa Germain

Haya, tegua hiki: anaingia majini mweusi, anatoka mwekundu, na hakuna mkono uliompaka rangi. Nani? Usijibu kwanza. Mimi jibu lilinijia ndani ya chupa ya mayonezi, mkononi mwa mjukuu wangu Hadassa.

Mwalimu wake, Barnabé, aliwaambia watoto wa darasa la tano walete msumari, ndimu na jiwe la kijani. Hapa Likasi mawe hayo hayatafutwi mbali. Lakini Hadassa alichukua lile la dirishani, ambalo nilimkataza hata kulipangusa vumbi. Wachimbaji walilikuta mfukoni mwa baba yake, mwanangu Germain, walipoutoa mwili wake katika shimo la shaba lililobomoka. Miaka minne sasa.

"Kambo, usikasirike," alisema mlangoni, yunifomu bado mwilini. "Tulitwanga kipande kidogo tu." Akamwaga maji ya ndimu juu ya unga uliobaki, ndani ya kikombe. "Sikia!"

Nilisikia. Sss... Mapovu madogo, kama mtu anayehema chini ya udongo. Miaka yote ile jiwe lilikuwa limenyamaza.

"Mwalimu anasema ni hewa tu, ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe."

"Na nani aliifunga?"

"Kambo, weye na vitendawili vyako!"

Kutoka ile chupa ya mayonezi aliyotoka nayo shuleni, yenye maji ya buluu, akavuta msumari. Ulikuwa mwekundu kama kidonda kipya. "Shaba ilikuwa mule mu maji, hatukuiona. Ni chuma njo iliitoa inje."

Halafu kicheko kikamwishia. Nikajua swali lake linakuja, lile ambalo kila mara nililifunika kwa kitendawili hadi asahau. Kumbe hakusahau.

"Kisha mvua kunyesha, shimo halishukwi siku mbili. Kila mutu anajua. Siku ile Papa alikuwa amekaa hapa, viatu amevua. Miye nilimuomba jiwe la kijani. Ni miye nilimutuma, Kambo?"

Mtoto alikuwa akibeba hilo kila siku hadi shuleni, pamoja na madaftari yake.

Nilitafuta kitendawili. Kwenye kikombe, jiwe lilikuwa bado linahema.

"Hapana, mujukulu. Jiwe lako alisema atakuletea keshokutwa, akacheka. Ni miye njo nilimuambia: wenzako wanashuka, weye unaogopa matope kama kuku? Pale njo akavaa viatu, akashuka."